Robert Kazadi, golikipa wa miaka tamu ya Englebert

Kijana wa Lubumbashi ukimuuliza Mazembe ilikuwa tamu zaidi wakati gani, atajibu bila kufikiri: 2010. Mwaka ule ekipe ilipiga Internacional ya Brazil 2–0 kule Abu Dhabi, ikacheza finali ya kombe ya dunia ya ma-klabu na Inter ya Milano, na Robert Kidiaba akaonyesha dunia nzima namna ya kushangilia kwa kurukaruka juu ya matako. Lakini kama kuna mzee pembeni, mzee wa Kamalondo ao wa commune Kenya, mazungumzo haitaishia pale. Mzee atatikisa kichwa, atavuta kiti karibu, na ataanza na jina ya zamani ya ekipe: Englebert. Kisha atataja Robert mwingine, golikipa vilevile.

Robert ule ni Kazadi Mwamba. Huko Ulaya, wale wanaomkumbuka wanamkumbuka kwa dakika 22 tu za mwezi wa sita mwaka 1974, siku Yugoslavia ilitufunga magoli tisa. Mu Lubumbashi anakumbukwa kwa kitu kingine kabisa: miaka ine ambayo Englebert ilifika kila mwaka ku finali ya Afrika, na yeye alikuwa kati ya milingoti. Hizo hesabu mbili hazijapatana mpaka leo. Kazadi mwenyewe alikufa zamani, hawezi tena kuzipatanisha.

Alizaliwa mwaka 1947, wakati Kongo ilikuwa ingali mu mikono ya Wabeleji. Jina yake ni ya Kiluba, moja ya zile majina ambazo ukiita kwa sauti mu soko ya Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi, watu kumi watageuka. Na ekipe aliyokuja kuchezea ilikuwa na karibu umri sawa na yeye. Ilianza mwaka 1939 mu mikono ya mapadri Wabenedikto wa Élisabethville, ikaitwa Saint-Georges, kisha Saint-Paul, kisha Englebert, kwa jina ya kampuni ya mipira ya gari iliyokuwa inaisaidia. Kisha uhuru ikajiongezea mbele maneno Tout Puissant, Mwenye Nguvu Zote. Wengine waliona ni majivuno. Wenyewe waliona ni habari tu.

Ili kufahamu sababu gani ile miaka ilikuwa tamu, lazima kukumbuka muji ulikuwa unatoka wapi. Katanga ilijitenga mwaka 1960. Watu wa Élisabethville waliona waaskari wa Umoja wa Mataifa wakipigana na waaskari wa Tshombe mu mabarabara yao. Mambo ya kujitenga ilimalizika mu mwezi wa kwanza 1963, lakini wengine mu Kongo waliendelea kuangalia mtu wa Katanga kwa jicho ya pembeni. Mu 1966 jina ya muji ikabadilika, ikawa Lubumbashi. Mwezi wa kwanza 1967 Union Minière ikachukuliwa na serikali. Watu wakaamka asubuhi mu nyumba zilezile, wakaenda ku kazi ileile, lakini majina ya vitu vyote ilikuwa mupya.

Mu mwaka ule wa 1966, Englebert ilibeba yote iliyokuwa ya kubeba: ubingwa wa Kongo, kombe ya Kongo na kombe ya Katanga. Ubingwa ndio uliifungulia mlango wa kombe ya ma-klabu bingwa ya Afrika. Kwa hiyo ekipe ya muji uliokuwa umejitenga ikapanda ndege kwenda kuwakilisha nchi nzima. Miaka ine tu ilikuwa imepita.

Kulikuwa jambo ingine, ambalo wapenzi hawapendi sana kulitaja wakati wanakumbuka. Mobutu alikuwa ameita wachezaji Wakongomani waliokuwa wanacheza Ubelgiji warudi nyumbani, na waliobaki hawakuruhusiwa tena kwenda kutafuta mkate wao ngambo. Ndiyo maana ekipe haikuvunjika. Leo mtoto akifunga magoli mbili mazuri, kisha miezi sita yuko Ulaya ao mu nchi ya Waarabu. Wakati ule Kazadi, Pierre Kalala, na baadaye Bwanga Tshimen, Mwepu Ilunga na Mwanza Mukombo, uliwaona mwaka huu, na mwaka kesho utawaona tena. Mpenzi alikuwa na ekipe yake yote, karibu, kila siku ya Mungu. Furaha ile ilikuwa na bei, na si mpenzi aliyeilipa.

Kombe ya 1967. Finali ilikuwa na Asante Kotoko ya Ghana. Kumasi ilikuwa 1–1. Kurudi Kongo ikawa 2–2. Hapo kuna kitu ambacho vijana wengi hawakijui: mechi ya nyumbani haikuchezwa Lubumbashi. Finali zote ine za Englebert, sehemu ya nyumbani ilichezwa Kinshasa. Toka Lubumbashi mpaka Kinshasa, hata kwa ndege ni zaidi ya kilometa 1,500. Kwa chini ilikuwa treni mpaka Ilebo, kisha batiment ku mto, siku juu ya siku. Mfanyakazi wa mgodi hawezi kuomba ruhusa ya safari kama ile kwa sababu ya mpira. Kwa hiyo wapenzi wengi wa Lubumbashi, finali za miaka yao tamu hawakuziona kwa macho. Walizisikia mu radio.

Si jambo dogo. Golikipa wa mu radio si sawa na golikipa wa mu kiwanja. Mtangazaji anapandisha sauti, mpira unakaribia, unashika kifua, kisha jina moja inatoka: Kazadi. Hakuna picha ya kuonyesha kama aliruka sana ao kidogo, kama alikamata kwa mikono mbili ao mpira ulimgonga tu goti. Kila mmoja alijitengenezea Kazadi wake mu kichwa. Ndiyo maana wazee wawili wanaweza kubishana saa nzima juu ya mpira uleule, na wote wawili wako na haki. Ndiyo maana pia, ukitaka ukweli wote, urefu wa miruko yake unaongezeka kidogo kila mwaka.

Kisha ile 2–2, mechi ya tatu ilipangwa Cameroun. Englebert ilifika. Kotoko haikuonekana. Kule Ghana wanasimulia mpaka leo kwamba habari ya mechi haikufikia klabu kwa wakati. Kombe ikapewa Englebert, ekipe ya kwanza ya Kongo kuibeba. Kuna wanaosema kombe ya bila mechi si kombe. Wapenzi wa Lupopo, ndugu na maadui wa upande wa reli, ndio walikuwa wa kwanza kusema vile, na hawajanyamaza. Basi, walikuwa na haki ya kusema: mwaka 1968 Lupopo wenyewe ndio walikuwa mabingwa wa Kongo, na Englebert haikuwazuia. Miaka tamu ya muji haikuwa ya ekipe moja tu, hata kama mpenzi wa Mazembe hatakubali hiyo mbele ya watu.

Jibu ya Kazadi ilifika upesi, na haikuwa na jezi ya Englebert. Mu mwezi wa kwanza 1968 Kombe ya mataifa ya Afrika ilichezwa Ethiopia. Kongo-Kinshasa iliwekwa kundi moja na Ghana, Senegal na Kongo-Brazzaville kule Asmara. Ikapiga majirani wa ngambo ya mto 3–0, ikapigwa na Ghana 2–1, ikapiga Senegal 2–1. Ku nusu-finali, Addis-Abeba, ilikuta wenyeji Ethiopia mbele ya watu wao, ikapita 3–2 kisha dakika za kuongeza. Tarehe 21 mwezi wa kwanza, finali: Ghana tena, ile Ghana iliyokuwa imebeba kombe 1963 na 1965. Kalala wa Englebert akafunga goli moja mu kipindi cha pili. Baada ya pale kazi ikabaki ya watu wa nyuma. Ghana haikupata goli. 1–0, kombe ya kwanza ya nchi.

Na mchezaji bora wa mashindano yote? Si Kalala aliyefunga, si Mghana mmoja. Walichagua golikipa. Kazadi alikuwa hajafikisha miaka 21.

Wapenzi wa Mazembe wanapenda kuitaja siku ile kama siku yao, na kwa haki: goli ilitoka kwa mguu wa Englebert, na mlango ulifungwa na mikono ya Englebert. Muji uliokuwa unaitwa wa waasi ulileta nchi kombe. Hakuna aliyehitaji kueleza zaidi.

Kombe ya ma-klabu ya 1968 ilichelewa kumalizika. Finali ilifika mu mwezi wa tatu 1969, na Étoile Filante ya Lomé. Kinshasa Englebert ikafunga magoli tano kwa sifuri. Radio zilibaki wazi mpaka usiku. Wiki mbili baadaye, Lomé, ikakuwa kinyume: Watogo wakafunga magoli ine, Englebert moja. Hesabu 6–4. Kombe ya pili mfululizo, na hakuna klabu iliyokuwa imefanya vile mbele yao. Ilichukua mpaka 2004 kuona ingine, Enyimba ya Nigeria, ikirudilia jambo lile.

Ile mechi ya Lomé inastahili kusimama kidogo. Mpenzi anayekumbuka anakumbuka 5–0; 4–1 anaisema haraka haraka, sawa mtu anayelipa deni mu giza. Lakini golikipa haishi na 5–0. Siku ile ya Kinshasa Kazadi hakuwa na kazi nyingi. Kazi ilikuwa Lomé, mbele ya watu waliokuwa wanangoja muujiza, goli ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya ine, na tano ingekuwa kuanza hesabu upya. Ya tano haikuingia. Pengine ile ndiyo siku kombe ilibebwa kweli, na ndiyo siku isiyosimuliwa.

Finali ya 1969 ilikuwa na Ismaily ya Misri. 2–2 Kinshasa, 3–1 Cairo, kombe ikaenda kwa mara ya kwanza kwa Waarabu. Finali ya 1970 ikamalizika mwezi wa kwanza 1971, na ilikuwa Kotoko tena, yenye njaa ya miaka mitatu. 1–1 Kumasi, kama ile mara ya kwanza. Halafu Kinshasa, 2–1, lakini kwa Kotoko. Golikipa wao naye alikuwa anaitwa Robert: Robert Mensah, na kofia yake ambayo watu wa Kinshasa waliiogopa kuliko mikono yake. Kumasi wanasimulia ile kofia na penalti ya Englebert iliyokosa mwishoni kama vile Lubumbashi inasimulia Addis-Abeba. Mensah aliuawa mwaka uleule, mu ugomvi wa baa. Mpira wa Afrika wa miaka ile haukuwalinda watu wake.

Pale miaka ine ikaisha. Finali ine, kombe mbili.

Kazadi hakuisha nayo. Englebert ilibadilika jina, ikawa Mazembe. Nchi ikawa Zaïre. Mu 1972 majina ya Kikristo ikakatazwa, na Robert ikaondoka ku karatasi, ikabaki Kazadi Mwamba. Mwaka 1973, gazeti France Football lilipochagua mchezaji bora wa Afrika, wa kwanza alikuwa Bwanga Tshimen wa Mazembe, na wa pili Kazadi. Wawili wa ekipe moja, beki na golikipa, mbele ya wafunga magoli wote wa bara. Mu mwezi wa tatu 1974, Cairo, Zaïre ikabeba Kombe ya Afrika mara ya pili. Ndaye Mulamba alifunga magoli tisa mu mashindano yale. Finali na Zambia ilikuwa 2–2, ikarudiliwa, ikawa 2–0. Kazadi alikuwa na miaka 27, na makombe mawili ya mataifa.

Kisha ikafika Ujerumani.

Zaïre ilikuwa nchi ya kwanza ya kusini mwa Sahara kuenda ku Kombe ya Dunia. Mechi ya kwanza, Dortmund, ilipigwa na Scotland 2–0, si haya. Goli ya pili, kichwa cha Jordan, mpira ulipita mu mikono ya Kazadi, na watu walianza kunong'ona. Lakini shida kubwa ilikuwa nje ya kiwanja. Wachezaji walikuwa wameahidiwa feza, na feza haikuonekana. Wakubwa wengi walisafiri na ekipe. Mu mikono ya wale wakubwa, feza iliyeyuka. Wachezaji wakakataa kucheza, kisha wakakubali kuingia kiwanjani na mioyo yao nje.

Tarehe 18 mwezi wa sita, Gelsenkirchen, Yugoslavia. Dakika ya 8, goli. Ya 14, goli. Ya 18, goli. Karibu na dakika ya 22 mwalimu Vidinić, ambaye mwenyewe alikuwa Myugoslavia na zamani golikipa, akamtoa Kazadi na kuingiza Tubilandu wa Vita Club, mtu mfupi. Kitu cha kwanza alichofanya Tubilandu ilikuwa kutoa mpira mu wavu. Ku goli ileile refa akamfukuza Ndaye kwa kosa iliyofanywa na Mwepu. Ilimalizika 9–0.

Nani aliamuru Kazadi atoke? Kuna wanaosema mwalimu, kuna wanaosema mkubwa mmoja wa serikali aliyekuwa nyuma ya benchi. Mu Lubumbashi haikosi mtu wa kukumbusha kwamba golikipa aliyetoka alikuwa wa Mazembe na aliyeingia alikuwa wa Kinshasa. Hesabu yenyewe inaongea wazi zaidi: tatu ziliingia na Kazadi, sita bila yeye. Lakini haingekuwa haki kumtupia Tubilandu mzigo. Ekipe iliyosimama haina golikipa, hata umsimamishe nani.

Kisha siku ine, Brazil. Brazil ilihitaji kushinda kwa tofauti ya magoli matatu ili ipite mbele ya Scotland. Wachezaji wamoja walisimulia baadaye kwamba walikuwa wamepewa onyo toka kwa Mobutu: wakifungwa zaidi ya tatu, wasirudi nyumbani kwa amani. Na mu lango alirudi nani? Kazadi. Yule aliyetolewa mbele ya dunia yote alivaa tena jezi yake, akaenda kusimama mbele ya Rivelino na Jairzinho. Brazil ikafunga moja, ikafunga mbili, na dakika za mwisho zikakaribia. Dakika ya 79 Valdomiro alipiga mpira wa pembeni, usiokuwa na hatari sana. Kazadi alijitupa chini. Ulipita chini ya mkono wake. Tatu. Scotland ikarudi nyumbani bila kufungwa hata mara moja, na Brazil ikapita.

Ine haikuingia. Kama ile siku ya Lomé.

Waliporudi hakukuwa mtu wa kuwapokea vizuri. Nyumba na magari ya kombe ya Cairo zilikuwa zawadi za mwisho. Mobutu akageuza macho yake ku ngumi, na mu mwezi wa kumi mwaka uleule Ali na Foreman wakaja Kinshasa. Bei ya shaba ikaanguka. Wachezaji wa Léopards wakazeeka mmoja mmoja, wengi mu umaskini, na wengine walikufa bila hata feza ya dawa.

Mwaka 2009 Mazembe ikabeba tena kombe ya ma-klabu, kisha miaka 41 ya kungojea. Mu mwezi wa kumi 2010, ku finali na Espérance ya Tunis, ikafunga magoli tano kwa sifuri, hesabu ileile ya Étoile Filante. Tofauti, safari hii ilichezwa Lubumbashi, mbele ya macho ya watu. Wazee waliokuwa wameisikia ya kwanza mu radio wakaona ya pili kwa macho yao wenyewe, na Robert mwingine mu lango. Wengi walilia. Vijana waliokuwa wamekaa pembeni yao walifikiri wazee wanalia kwa sababu ya Kidiaba.